Gari Lililofika Bila Sauti

Daftari langu la chuoni lina michoro ya magari kumi na tisa, na hakuna hata moja kati yake lililowahi kuuzwa dukani. Ni magari ya maonyesho, yaliyobuniwa na watu wa mbali ili kudokeza kile ambacho huenda siku moja kikawezekana. Moja lina magurudumu matatu na umbo la tone la maji. Jingine milango yake hufunguka kuelekea juu, kama mabawa ya mbawakawa anayejiandaa kuruka. Lipo linaloendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa ndani ya mtungi, na lipo ambalo bodi yake ilifumwa kwa nyuzi za mimea likawa kama kapu lililopinduliwa. Niliyachora kwa penseli kutoka kwenye simu, wakati wa mapumziko ya mchana, nilipokuwa mwaka wa pili katika chuo cha ufundi. Wenzangu walijifunza injini za dizeli, na walikuwa na haki, kwa sababu ndizo zilizojaa Kitale. Nami nilijifunza hizo hizo na mitihani nikapita, lakini moyoni nilikuwa nikiomba siku zake ziishe.

Mchoro wa ishirini uko kwenye ukurasa wa mwisho, na huo ni wangu mwenyewe. Nililiunda gari hilo kwa mikono yangu. Ndilo lililomvunja nyonga shangazi yangu.

Kwetu dada ya baba huitwa senge, nami sikuwahi kumwita kwa jina jingine. Mama yangu alipofariki nikiwa na miaka sita, Senge alikuja kunichukua akanipeleka nyumbani kwake, hatua chache tu kutoka barabara kuu itokayo Kitale kwenda Webuye, kabla hujafika Lugulu. Mumewe alikuwa ameshafariki, na wanawe wakubwa walikuwa wamehamia mjini Bungoma. Tulikuwa sisi wawili, kuku, na barabara. Malori yalipopita, vikombe vilitetemeka kabatini. Trekta za miwa zilipopita zikivuta matela matatu matatu, tulinyamaza katikati ya sentensi tukasubiri, kisha tukaendelea pale tulipoachia bila hata kutambua kwamba tulikuwa tumekatizwa.

Kila mavuno Senge alianika mahindi kando ya lami. Wote wa upande wetu hufanya hivyo: lami hushika joto, na mahindi hukauka kwa siku chache badala ya kuoza uani kwa mvua za jioni. Unatandaza turubai ukingoni, unaweka mawe kwenye pembe zake, unamwaga mahindi, kisha unayapindua kwa miguu. Unatembea polepole bila viatu, nyayo zikiburutwa ndani ya punje ili za chini zije juu, mstari baada ya mstari, kama anayelima kwa vidole. Kazi hiyo hufanywa macho yakiwa chini. Ukiinua macho kutazama barabara, mstari unapinda na mahindi ya sehemu moja yanabaki na ubichi, na ubichi huo ndio unaoleta kuvu gunia zima.

Nilipokuwa mdogo nilimwuliza, nikiwa na hofu ya mabasi yaliyotupita karibu kiasi cha kutupeperusha sketi.

"Senge, mbona wewe huangalii?"

"Niangalie nini? Si nimesikia." Hakusimama hata kidogo. "Hiyo ni trekta, bado iko kule kona ya kanisa. Hiyo ingine ni pikipiki, iko upande ule, haina shida na sisi. Lori ndiyo unangoja ikibadilisha gia pale kwa mlima, halafu unatoka kwa lami. Sasa. Sogea."

Nikasogea, na lori likapita. Baada ya misimu miwili nami nilikuwa nikipindua mahindi nimeipa barabara mgongo, masikio yangu yakinilinda kama yalivyomlinda yeye kwa miaka mingi. Nataka ieleweke kwamba nilifundishwa jambo hili. Sikulisoma mahali, wala sikusimuliwa. Nililijua kwa nyayo zangu.

Nilipompelekea daftari wakati wa likizo, alilifungua magotini akiwa anapukuchua, akacheka hadi punje zikamwagika.

"Hii ni gari ama ni yai?"

"Ni gari, Senge. Linatumia umeme wa jua."

"Linatumia jua! Na huku kwetu mvua ikikaa wiki mbili, utakuwa unalisukuma ama utaliombea?"

"Lina betri. Linaweka akiba."

"Aya. Na ikitembea inalia namna gani?"

"Halilii. Mota ya umeme haina mlio."

Hapo aliacha kucheka. Nje basi likapita, vikombe vikatetemeka, tukangoja.

"Ata kidogo?" akauliza.

"Hata kidogo."

"Basi tengeneza hiyo, mama. Hizi zingine wacha. Mimi ningependa siku moja nikae hapa mlangoni nisikie kuku zangu tu."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Mtu wa umri huo akipewa sababu ya kupenda kile ambacho tayari anakipenda, huichukua kama agizo kutoka mbinguni. Nilirudi chuoni nikaandika insha ndefu kuhusu kelele. Nilieleza kwamba kelele ni uchafu kama moshi ulivyo uchafu, na kwamba humwangukia maskini anayeishi kando ya barabara, ilhali aliye ndani ya gari amefunga vioo. Bado naamini kila neno la insha ile. Jambo hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Baada ya kuhitimu nilipanga chumba mtaa wa Matisi, na mwenye karakana ya kuchomelea mageti akaniachia kona ya uwanja wake. Alikuwa mtu mzima, mkimya, mwenye makovu ya cheche mikononi. Alinisaidia kukunja mabomba ya fremu, nami nikafuma bodi kwa kamba za mkonge, nikazipaka gundi ya kukaushia mpaka zikawa ngumu kama ubao. Magurudumu mawili mbele, moja nyuma. Mota ilitoka kwenye pikipiki ya umeme iliyopata ajali. Paneli ya sola ilikaa juu kama kofia. Viti vilikuwa viwili, kimoja nyuma ya kingine, na kile cha nyuma nilikipima kwa mgongo wa Senge.

Wapita njia hawakutuacha. "Madam, hiyo ni kapu ya soko ama ni kiota?" mmoja aliuliza. Mwingine akasema, "Si uwekee mayai ndani, bana, yataanguliwa kwa hiyo sola!" Nilichekeshwa nao kuliko walivyodhani. Lakini siku niliyoliendesha kwa mara ya kwanza uwanjani, nikimzunguka fundi mwenye karakana kwa nyuma alipokuwa ameinama akisugua bomba, nilimgusa begani naye akaruka na kuangusha msasa.

"Aki, dada!" Alishika kifua. "Hii kitu yako inanyemelea watu. Weka kitu ilie."

"Lina honi."

"Honi ni mpaka ukumbuke. Mimi nasema kitu ya kulia yenyewe. Ata ufunge kopo."

Nilimwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba nisingetumia miaka miwili kuondoa kelele ili niirudishe kwa kopo. Alinitazama kidogo, akaokota msasa wake, akaendelea na kazi. Hakulirudia tena jambo hilo.

Nilichagua siku ya Jumamosi, katikati ya mavuno, jua likiwa kali. Sikumwambia Senge kwamba ningefika. Nilitoka Kitale asubuhi, nikapita Kiminini, nikapita Kamukuywa, na njia nzima watu walisimama wakiashiria kwa vidole. Gari lilikwenda vizuri kuliko nilivyothubutu kutumaini. Nilisikia ndege. Nilisikia mtu akimwita mwenzake katikati ya shamba la mahindi yaliyosimama makavu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, nami naiandika hapa kwa sababu ni kweli, ingawa sasa naiona aibu.

Karibu na nyumbani barabara inateremka. Nilizima mota nikaliacha gari lijiviringishe lenyewe. Nilimwona kutoka mbali: kitambaa cha buluu kichwani, mgongo kwangu, nyayo zikiburuta ndani ya mahindi upande wangu wa barabara. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya kitufe cha honi. Nakumbuka kilivyokuwa pale. Nikakiondoa. Nilitaka kusimama kando yake polepole niseme, "Hodi, Senge," ageuke anikute nimekaa ndani ya yai lake.

Lori lilikuwa likija kutoka upande wa Webuye. Naye alilisikia, bila shaka. Alijua liko upande wa pili, halina shida naye. Kulikuwa na punje zilizotawanyika nje ya turubai, juu ya lami. Akarudi nyuma hatua mbili, bila kugeuka, ili azisogeze ndani kwa unyayo. Alikuwa amesikiliza kwanza, kama kawaida yake. Nyuma yake masikio hayakumwambia kwamba kuna chochote.

Kulia kwangu kulikuwa na lori. Nilikanyaga breki. Gari langu lilikuwa jepesi, hilo pia nililijivunia, na magurudumu yakapanda juu ya punje zile kavu yakateleza kama yaliyo juu ya shanga. Sikuwa nikienda kwa kasi. Mtu angeweza kukimbia sambamba nami. Lakini Senge alikuwa na zaidi ya miaka sitini, na gari lilipomgonga alianguka kwa ubavu juu ya lami.

Gari liliingia kwenye majani likasimama. Nilipomfikia alikuwa macho. Alinitazama kwa mshangao mtupu, bila hasira yoyote.

"Ni wewe?" akasema. "Mbona hukusema uko hapo?"

Majirani walikuja wakikimbia kutoka mashambani. Nilifungua mdomo, na kabla sijatoa neno Senge akasema, meno yakiwa yameumana kwa maumivu, "Nimeteleza kwa mahindi. Huyu mtoto amefika tu sasa hivi." Wakamwamini, kwa nini wasimwamini? Mahindi huteleza, na gari lilikuwa limetulia kwenye majani kama lililoegeshwa. Walimlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu ya jirani ili wampeleke hospitali ya Lugulu. Mwanamume mmoja, akishika pembe ya godoro, aligeuza shingo akaniuliza, "Na hii ndiyo ile gari ya jua? Kumbe ulifaulu!" Nikaitikia kwa kichwa. Huo ndio uongo wangu wa kwanza, na sikutumia hata neno moja.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alituambia kwa upole kwamba mifupa ya umri ule huunga polepole, na kwamba tusitarajie mguu urudi kama ulivyokuwa. Nilikaa kando ya kitanda chake siku nyingi. Wanawe walikuja kutoka Bungoma, watu wa kanisa walikuja wakaomba, na kila mmoja alipouliza, Senge alisimulia kuteleza kwake, kila mara akiongeza kitu kidogo, mpaka hadithi ikawa na rangi ya turubai na jina la mbegu. Walipotoka nikamwomba aache.

"Niache nini?"

"Senge, mimi ndiye niliyekugonga."

"Si najua. Nilikuwepo." Alicheka kidogo, ikamuuma, akaacha. "Sikiza. Siku hiyo wangeichoma hiyo gari. Watu wakikasirika hawaulizi. Na hawa vijana wangu wangekukataza kukanyaga kwangu. Sasa nani angeniletea uji?"

"Lakini si kweli."

"Kweli haitanisimamisha kwa hii kitanda. Wewe nyamaza, uende na gari yako Bungoma."

Alikuwa akisema juu ya maonyesho. Mwalimu wangu wa zamani alikuwa ameniandikisha katika maonyesho ya ubunifu wa vyuo mjini Bungoma, na kulikuwa na watu waliokuwa wakitafuta magari madogo ya kuwabebea wahudumu wa afya vijijini. Senge alilijua jambo hilo kuliko ndugu yeyote. Alikuwa amelitangaza kanisani. Nilikwenda. Sitasema alinilazimisha. Nilitaka kwenda.

Waamuzi walikuwa watatu. Walilizunguka gari, wakagonga bodi ya mkonge kwa vidole, wakauliza maswali mazuri. Kisha mama mmoja kati yao akaingia, akaliendesha kuzunguka uwanja, akatoka akitabasamu.

"Ukimya huu," akasema. "Hiki ndicho kitu bora zaidi hapa. Mtu hawezi hata kujua limefika."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa sifa hiyo. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba ni kweli, mtu hawezi kujua. Nikasema kwamba shangazi yangu hakujua, na kwamba amelala Lugulu na nyonga iliyovunjika, na kwamba nilikuwa na honi chini ya kidole na sikuibonyeza. Mwalimu wangu alitazama viatu vyake. Yule mama aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mgonjwa anaendelea vizuri, nao wakasogea kwenye meza iliyofuata. Wale waliotafuta magari ya wahudumu hawakunipigia simu, nami siwalaumu.

Nilidhani nimefanya jambo la haki, na huenda nililifanya. Lakini habari hutembea kutoka Bungoma hadi Lugulu upesi kuliko gari lolote, na nilipofika wodini siku ya pili nilimkuta Senge amegeukia ukutani. Wanawe walikuwa wametangulia. Walikuwa wameambiwa na mtu aliyekuwa pale uwanjani.

"Nimedanganya mchungaji kwa sababu yako," alisema, bila kugeuka. "Ameniombea hapa, ameshika huu mkono, na mimi nikidanganya. Hiyo uongo ilikuwa yangu, nilikupatia. Wewe umeenda kuipatia watu wenye sijui."

"Senge, sikuweza."

"Ndiyo. Ulitaka moyo wako ukae safi." Akavuta blanketi. "Na mimi?"

Nilifundishwa kwamba ukweli humweka mtu huru. Siku ile ulimweka huru mmoja kati yetu, na hakuwa yule aliyekuwa kitandani.

Aliporuhusiwa kutoka, alitembea kwa fremu ya chuma, hatua moja, pumziko, hatua moja. Wanawe waliamua kwamba hawezi tena kuishi peke yake kando ya barabara. Walimchukua Bungoma mjini, katika nyumba ya ghorofani ambako hakuna kuku. Shamba likapangwa kukodishwa baada ya msimu mmoja. Sikukatazwa kukanyaga kwake, kama alivyohofia, ila hakukuwa tena na kwake. Nilimtembelea kila mwisho wa wiki. Alinipokea kwa heshima, akaniuliza habari za Kitale, na hiyo heshima ndiyo iliyonikata, kwa maana zamani tulikuwa tukitaniana.

Gari nililiacha kwa fundi wa Matisi, limefunikwa. Halikuchomwa na mtu.

Mavuno ya mwisho yalipofika, Senge aliomba apelekwe nyumbani siku moja tu, ayaone mahindi yake yakianikwa. Wanawe walimleta kwa gari la kawaida, wakamweka kwenye kiti mlangoni, fremu yake ikiegemea ukuta. Mimi nilitandaza turubai. Niliweka mawe kwenye pembe, nikamwaga mahindi, nikavua viatu, nikaipa barabara mgongo kama nilivyofundishwa.

Sikuweza. Kila mlio ulinifanya nigeuke: trekta iliyokuwa mbali kule kona ya kanisa, lori likibadilisha gia mlimani, hata pikipiki ya upande wa pili. Mistari yangu ilikuwa imevurugika. Nilijikaza, nikainamisha macho, nikasikiliza. Barabara ilikuwa kimya. Nilirudi nyuma hatua moja ili nisogeze punje zilizotoka nje ya turubai, na hapo upepo ukanipiga kwenye mashavu ya miguu, ukafuatwa na kivuli. Pikipiki ya umeme ilikuwa imepita nyuma yangu, karibu kiasi cha mkono mmoja, bila sauti yoyote.

"Piga honi!" nilipiga kelele. "Si upige honi!"

Mwendeshaji aligeuza shingo, anacheka, hana ubaya wowote. "Niaje, madam! Kwani huna macho?"

Akaenda. Siku hizi pikipiki hizo ni nyingi, kila mwezi zinaongezeka, na ni nzuri, hazitoi moshi. Ningekuwa na umri ule wa insha ningempungia mkono. Nilisimama juu ya mahindi, nikamtazama Senge. Alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu, amejaribu kusimama, ameshindwa.

"Imepita?" aliuliza. "Mimi sikusikia. Nilikuwa nasikiza kabisa, na sikusikia."

"Imepita, Senge."

Kuku wa jirani walikuwa wakichakura pembeni, nasi sote wawili tuliwasikia vizuri.

"Basi geuka," akasema hatimaye. "Angalia barabara. Fanya kazi ukiangalia barabara."

"Mistari itapinda."

"Wacha ipinde, mama."

Mama ni jina ambalo hakuwa ameniita tangu wodini. Nikageuka, macho juu, nikaanza kuyapindua mahindi upya kwa nyayo nisizoziona. Mistari ilipinda vibaya sana, na sehemu nyingine zikabaki na ubichi. Alikaa mlangoni akinitazama mpaka wanawe walipokuja kumchukua.